Mbwa wawili wa lupango mmoja, manyoya yanawatoka: je, ni ugonjwa mmoja?

*"Jambo Munganga. Niko mama wa watoto wanne, tunaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Tuko na mbwa wawili. Dume ana miaka 3, ni mchanganyiko na wale mbwa wa Kijerumani wa polisi, ndiye analinda lupango, yaani uwanja wa nyumba yetu. Tangu mwezi wa saba anajikuna usiku kucha, mlio wa mnyororo unatunyima usingizi. Manyoya yamemtoka pembeni mwa masikio, kwenye viwiko na chini ya tumbo, na ngozi imekuwa nene yenye magamba. Jike alizaa, watoto wake wanakaribia miezi 2, wamebaki watatu. Yeye naye manyoya yanamtoka mbavuni na mapajani, ukimpapasa yanabaki mkononi, lakini hajikuni. Kijana mmoja alimdunga dume sindano, akatulia siku 10, halafu ikarudi kwa nguvu zaidi. Jirani yetu fundi wa motokari ametuletea chupa ya mafuta ya vidanji, anasema tumpake mwili mzima. Kwenye duka la dawa za mifugo wanatuambia tununue ivermectin ya ng'ombe. Na sasa watoto wangu wawili wana vipele mikononi na kiunoni. Je, hawa mbwa wana ugonjwa mmoja? Tuanzie wapi?"*

Mama, anzieni kwenye ile chupa ya vidanji, yaani mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka kwenye moteri: irudisheni kwa mwenyewe, na asante mumpe, maana amewaletea kwa nia njema. Sababu nitazieleza chini. Ivermectin nayo isubiri kidogo.

Kwa jinsi mlivyoeleza, sioni ugonjwa mmoja hapa. Dume ana sura yote ya upele, ule unaoletwa na kijidudu kinachoitwa Sarcoptes scabiei, na vipele vya watoto vinanisukuma zaidi upande huo. Jike hali yake ni nyingine: kwake naona uchovu wa kuzaa na kunyonyesha, pengine na chakula kisichotosha. Lakini kwa kuwa wanalala lupango mmoja, dawa ya upele jike atapewa pia, hata kama manyoya yake hayakutolewa na upele. Hilo ndilo linalowachanganya watu wengi: wakishaona dawa imemfaa mmoja, wanaamini na mwenzake alikuwa na ugonjwa uleule.

Kutoka manyoya ni alama tu, kama homa ilivyo alama. Mtu akija na homa hatumwulizi anataka dawa gani ya homa; tunatafuta kama ni malaria, tifoidi au kitu kingine. Vivyo hivyo hakuna dawa ya kuotesha manyoya, na yeyote anayewauzia mafuta ya "kuotesha" anawala pesa. Swali la kwanza ni hili: je, mbwa anajikuna? La pili: alianza kujikuna manyoya yakiwa bado yapo, au kipara kilitangulia?

Manyoya ya mbwa hayakui bila kukoma. Kila unyoya hukua, kisha hupumzika, kisha hudondoka na kuachia nafasi mwingine. Nywele za kichwani mwa mtu, nyingi wakati wote ziko katika kukua. Kwa mbwa wengi wa manyoya mafupi ni kinyume, sehemu kubwa iko katika mapumziko. Basi kipara huja kwa njia kuu mbili. Ama unyoya ulikuwa mzima ukakatwa na kucha, meno au ulimi wa mbwa mwenyewe kwa sababu ngozi inawasha. Ama shina lenyewe limesimama au limeharibika, kwa sababu ya homoni, njaa, uzazi, au mdudu na kuvu waliomo ndani ya tundu la unyoya.

Njia hizi mbili mnaweza kuzitofautisha nyumbani. Chomoeni manyoya kama 10 kwenye ukingo wa kipara, si katikati. Yawekeni juu ya karatasi nyeupe mahali penye mwanga, muyatazame kwa kamera ya simu mkiwa mmekuza picha. Ya dume, nategemea mtaona ncha zimekatika na kuchanguka kama ufagio wa zamani. Ya jike, nategemea yatoke mazima, ncha imechongoka vizuri, na ngozi iliyobaki chini iwe laini, bila wekundu wala magamba. Mkikuta hivyo, tayari mmejua kwamba jike hajiumizi mwenyewe.

Sasa dume. Kijidudu cha upele ni kidogo sana, kama theluthi moja ya milimita, hamtakiona kwa macho. Jike lake huchimba vijia katika tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humohumo. Kutoka yai mpaka kuwa mdudu mzima ni kama wiki 3. Kinachomtesa mbwa si kuchimba peke yake. Mwili wake unawakataa wadudu, mayai yao na kinyesi chao, kama vile mtu anavyowashwa na kitu kisichomkubali. Ndiyo maana wadudu wachache tu wanaweza kumfanya asilale. Wanapenda sehemu zenye manyoya haba: ukingo wa masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma, tumbo na kifua. Mgongo mara nyingi unabaki salama mwanzoni. Mmeniandikia masikio, viwiko na tumbo bila mtu kuwaongoza, na hilo lina uzito.

Kuna jaribio dogo. Vaeni glavu au mfuko wa plastiki mkononi. Kunjeni ukingo wa sikio la mbwa ujiguse wenyewe, muusugue kwa kidole gumba na cha shahada kwa sekunde 5 mpaka 10. Mbwa mwenye upele mara nyingi ataanza kupiga mguu wa nyuma hewani kama anajikuna, bila yeye kutaka. Si ushahidi wa mwisho, kwa sababu hata sikio lenye usaha linaweza kumfanya hivyo, lakini likiungana na yale mengine linatosha kuanza matibabu.

Veterineri, yaani munganga wa wanyama, mwenye darubini atakwangua ngozi kwa wembe uliopakwa mafuta, sehemu kadhaa, hasa masikio na viwiko. Hapa msikate tamaa mapema. Kwa upele, kukwangua kunakosa mdudu mara nyingi, hata kwa mbwa mgonjwa kabisa, kwa sababu wadudu ni wachache. Jibu la "hatukuona kitu" halimaanishi hana. Munganga mzuri ataweza kusema: sikumwona, lakini sura ni ya upele, tutibu tuone. Huko si kubahatisha. Ndivyo ugonjwa huu unavyothibitishwa mara nyingi.

Ile sindano ya yule kijana. Sikuiona, lakini dawa inayotuliza kuwashwa ndani ya saa chache, ikashika siku 10, kisha hali ikarudi mbaya zaidi, karibu kila mara ni ya kundi la kotizoni, kama dexamethasone. Inazima kelele za mwili: wekundu, uvimbe, muwasho. Haiui hata mdudu mmoja. Wakati mbwa ametulia, kinga yake imelala, na wadudu wanazaana bila kusumbuliwa. Akidungwa tena na tena huja mengine: kunywa maji mengi, kukojoa sana, tumbo kuning'inia, ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, na manyoya kutoka pande zote mbili kwa usawa. Kuna mbwa wanaoletwa kwa "ugonjwa wa homoni" kumbe homoni yenyewe imetoka kwenye bomba la sindano. Mtafuteni kijana huyo, mwombeni jina la dawa na tarehe, mviandike. Munganga atavihitaji, na kipimo chochote cha homoni kikifanywa karibu na sindano hiyo kitadanganya.

Mafuta ya vidanji sasa. Nawaelewa wanaoyatumia: ni ya bure, na kuna mbwa walipakwa wakaonekana kupona. Yanalainisha magamba, yanaziba pumzi ya baadhi ya wadudu walio juu ya ngozi. Lakini mayai yako ndani ya vijia, wiki hiyohiyo yanaanguliwa, na mbwa anapakwa tena. Mafuta yaliyotoka kwenye moteri yamebeba masizi, vijivumbi vya chuma na kemikali zilizoungua. Katika mji wa shaba na kobalti sina haja ya kuwaeleza madini mwilini yanafanya nini. Ngozi iliyochubuka inayanywa upesi kuliko ngozi nzima, na ulimi wa mbwa unamalizia kazi. Yakiingia mapafuni wakati anajilamba au anatapika, anaweza kufa kwa nimonia, na watu watasema "upele umemuua". Halafu kuna baridi: manyoya yaliyogandamana kwa mafuta hayatunzi joto, na usiku wa mwezi wa saba Lubumbashi mnaujua.

Kama mmeshampaka mahali, msimwoshe kwa petroli wala mafuta ya taa. Futeni kwanza kwa matambara makavu. Kisha pakeni mafuta ya kupikia juu yake, mkande dakika chache yalegeze yale meusi, futeni tena, halafu mwosheni kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu. Rudieni mpaka maji yatoke safi. Akiwa ameyalamba, msimtapishe. Mpelekeni kwa munganga siku hiyohiyo. Asidi ya betri, kreolini na dawa za kupulizia mashamba nazo ziwekeni kwenye kapu moja na vidanji.

Kuhusu ivermectin, duka halikuwadanganya kabisa. Ni dawa ya kweli, inaua mdudu wa upele, na wengi wenu mnaifahamu kwa jina la Mectizan, vidonge vinavyogawiwa vijijini dhidi ya ugonjwa wa macho unaoletwa na nzi wa mtoni. Tatizo ni mambo mawili: hesabu, na damu ya mbwa wenu.

Chupa ya ng'ombe huwa ni asilimia 1, yaani miligramu 10 katika kila mililita. Kwa upele, waganga hutumia kati ya miligramu 0.2 na 0.4 kwa kila kilo ya mbwa. Tuseme dume ana kilo 26. Kwa kiwango cha chini ni 26 mara 0.2, sawa na miligramu 5.2, yaani mililita 0.52. Nusu mililita tu! Kwenye bomba la mililita 5 au 10 nusu hiyo ni ufa mdogo chini kabisa, na hapo ndipo ajali hutokea: mtu anasoma "5" anavuta mililita 5, mara kumi ya kipimo. Au anadunga leo, mbwa bado anajikuna keshokutwa, anadunga tena. Kwa upele, sindano hurudiwa baada ya wiki 2, mara 3 hadi 4, si kila anapojikuna.

Jambo la pili. Kuna mbwa waliozaliwa na kasoro katika jini iitwayo MDR1. Kwa kawaida jini hiyo inatengeneza mlango unaoisukuma ivermectin nje ya ubongo; kwa mbwa hawa mlango haufanyi kazi, dawa inabaki ndani. Collie ndio wanaojulikana zaidi, lakini imeonekana pia kwa baadhi ya mbwa wa Kijerumani. Wenu ni mchanganyiko, nusu ya ukoo wake hatuijui. Anaweza kuwa salama, siwezi kuwahakikishia. Dalili za sumu ni kuyumba kama mlevi, mate mengi, mboni za macho kupanuka, kutetemeka, kutoona, kisha kulala asiamke. Hakuna dawa ya kuifuta. Ni maji ya mishipani na kumhudumia siku kadhaa. Kwa mbwa wa namna hii mimi ningeiacha ivermectin iwe ya mwisho, tena mikononi mwa munganga. Jike anayenyonyesha na watoto wake msiwape kabisa chupa ya ng'ombe.

Ninachokipendelea ni vidonge vya kundi la isoxazoline, vilivyoanza kuuzwa mwaka 2013 na 2014. Kwenye sanduku tafuteni mojawapo ya majina haya: fluralaner, afoxolaner, sarolaner, lotilaner. Vinaua mdudu wa upele, na pia viroboto na kupe, na havina ile hatari ya MDR1 kwa kipimo kilichoandikwa. Fluralaner kidonge kimoja hukaa mwilini wiki 12. Afoxolaner na sarolaner hupewa kila mwezi, angalau mara 2 kwa upele. Kwa kilo 26 sanduku la fluralaner ni lile la kilo 20 hadi 40, miligramu 1000, apewe pamoja na chakula. Kidonge cha mbwa mkubwa msikigawe kwa mbwa kadhaa. Mmoja atapata zaidi, mwingine atapata harufu tu. Fluralaner inaruhusiwa kwa jike anayenyonyesha, na kwa watoto wa mbwa kuanzia wiki 8 wenye kilo 2 au zaidi. Onyo moja: mbwa aliyewahi kupata kifafa, semeni kabla. Mwaka 2018 shirika la dawa la Marekani lilitoa tahadhari kwamba kundi hili linaweza kuleta mitukutiko kwa mbwa wachache.

Mtasema ni ghali. Kidonge kimoja kinauma mfukoni kuliko chupa ya ng'ombe, ndiyo. Lakini hesabuni sindano 4, mabomba, safari 4 na wiki 8 za hofu. Nunueni sanduku lililofungwa, lenye tarehe ya mwisho inayosomeka, na jina la dawa lilelile kwenye sanduku na kwenye karatasi ya kidonge. Kidonge kilichotolewa kwenye sanduku na kuuzwa peke yake, acheni.

Mkikosa vidonge, kuna selamectin ya kudondoshea shingoni, na kuna amitraz ya kuogeshea. Amitraz ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita 1 ya maji, mbwa analoweshwa mwili mzima na kuachwa akauke bila kusuuzwa, kila wiki 1 au 2. Inafanya kazi, ila inachosha na inaleta usingizi na moyo kupiga polepole. Fanyeni nje penye hewa na glavu mkononi. Mwenye kisukari au pumu asiiguse. Watoto wa mbwa chini ya miezi 4 hawapewi, wala jike wenu kwa sasa.

Kabla ya dawa yoyote, mpimeni. Mtu apande mizani akiwa peke yake, kisha akiwa amembeba mbwa, mtoe hesabu. Kwa dume ambaye habebeki, mizani ya pale mnaponunua unga kwa gunia inafaa, mkiomba vizuri. Kukadiria kwa macho huwa kunaongeza kilo, hasa mbwa akiwa wa kuogopwa.

Ngozi nene yenye magamba na harufu kwa kawaida imeshaingiliwa na bakteria pia. Mwosheni mara 2 kwa wiki kwa shampuu ya klorheksidini ya asilimia 2 hadi 4. Povu likae dakika 10 kamili, mkiangalia saa, kabla ya kusuuza; hapo ndipo wengi wanakosea, wanapaka na kumwagia maji papo hapo. Chagueni saa 6 mchana, kwenye jua, mkaushe kwa taulo. Sabuni ya kufulia nguo hukausha ngozi na kuongeza muwasho. Mkiona usaha, antibiotiki ichaguliwe na munganga. Vidonge vilivyobaki vya mtoto havifai kwa kubahatisha.

Mdudu anaishi nje ya mwili siku chache, na kwenye baridi na unyevu hata wiki 2 mpaka 3. Gunia analolalia lichomeni. Matambara chemsheni au muanike juani siku nzima, kila wiki, kwa mwezi mmoja. Na kama jioni analala akijibana kwenye mbabula, jiko la makaa, kutafuta joto, msogezeni. Kipara cha kuungua na makaa kinafanana na ugonjwa, nacho hakitibiwi na kidonge chochote.

Watoto wenu: kijidudu cha mbwa kinaweza kuingia kwenye ngozi ya mtu kikamwasha, lakini hakizaliani humo. Vipele hutokea pale mbwa anapokumbatiwa, mikononi, tumboni, kiunoni, kama mlivyosema. Mbwa akitibiwa, vingi hukauka ndani ya wiki 2 hadi 3. Kwa sasa wasilale naye wala kumbeba, na dawa ya mbwa isiwaguse. Wapelekeni kituo cha afya kama vipele viko katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, kama hata wasiomgusa mbwa wanawashwa, au kama wiki 3 zimepita bila nafuu. Huo unaweza kuwa upele wa watu wenyewe, na matibabu yake ni nyumba nzima. Wakiwa na duara lenye ukingo ulioinuka, fikirieni choa, ambacho pia mbwa anaweza kuwapa.

Turudi kwa jike. Mwezi mmoja mpaka mitatu baada ya kuzaa, manyoya mengi ya mbwa huingia mapumzikoni kwa pamoja, kisha hudondoka kwa pamoja. Ukimpapasa unapata mkono mzima, naye hana habari. Hayo hurudi yenyewe, kama miezi 3 au 4 kwa manyoya mafupi, ikiwa tu ana cha kuyajenga. Unyoya ni protini, na ngozi pamoja na manyoya vinaweza kula robo mpaka karibu theluthi ya protini yote anayoihitaji mbwa kwa siku. Wakati wa kunyonyesha anahitaji chakula mara 2 hadi 4 ya kawaida yake. Bukari (ugali) na mchuzi wa sombe (majani ya muhogo) hazimfikishi. Tena mahindi yana kitu kinachoifunga zinki tumboni isiingie mwilini. Watoto wa mbwa wanaolelewa kwa bukari tupu hupata magamba mazito kuzunguka macho na mdomo, watu wakadhani ni upele.

Mpeni mara 3 kwa siku. Katika kila sahani, theluthi moja iwe kitu chenye damu au magamba: ndakala (dagaa) zilizochemshwa na maji ya chumvi kumwagwa, vichwa vya samaki vilivyopondwa, utumbo uliopikwa. Yai 1 lililochemshwa kila siku. Bichi hapana, ute wake unazuia bayotini, vitamini ya ngozi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia. Ini kidogo mara 1 kwa wiki linatosha. Vitunguu vya aina yoyote na mifupa ya kuku iliyopikwa viwekeni mbali. Wale watoto watatu sasa wana umri wa kuachishwa. Wakila wenyewe, mama yao anapumzika, na dawa ya minyoo wapewe wote pamoja naye.

Nikikosea, nitakuwa nimekosea wapi? Kama kipara cha dume kingekuwa kiunoni na kwenye shina la mkia, ningefikiria viroboto: pitisheni kitana chembamba, mkung'ute juu ya karatasi nyeupe yenye maji, vumbi jeusi likigeuka wekundu wa damu, ni kinyesi cha kiroboto. Kama mmoja wa watoto wa mbwa ana kipara kidogo karibu na jicho au mdomo kisichowasha, huenda ni Demodex, mdudu mwingine ambaye mama huwapa watoto siku za kwanza za kunyonya. Hauambukizi watu, na ukiwa madoa machache, wengi hupona bila dawa, mradi asidungwe kotizoni. Na kama jike baada ya miezi 4 na chakula kizuri bado ana upara, amenenepa, analala sana, mkia umebaki kama wa panya, hapo ndipo tezi ya shingoni ipimwe. Leo pesa ya kipimo hicho nunulieni ndakala.

Lubumbashi ina nafasi ambayo miji mingi ya nchi hii haina: chuo kikuu chenu kina kitivo cha tiba ya wanyama. Ombeni waziwazi mbwa akwanguliwe ngozi na kutazamwa kwa darubini. Msisubiri hata siku moja kama dume ameacha kula, ana homa au tezi zilizovimba, ngozi inatoa usaha na damu, anayumba baada ya dawa, au kama mtoto wa mbwa amezubaa na hanyonyi. Mfungeni mdomo kwa bendeji mnapomshika masikio. Mbwa mpole mwenye maumivu huuma.

Siku za kwanza baada ya kidonge anaweza kujikuna vilevile, hata kuzidi kidogo, kwa sababu wadudu waliokufa bado wako ndani ya ngozi. Wiki ya 2 usingizi unarudi, wake na wenu. Manyoya mapya laini yaonekane kati ya wiki ya 4 na ya 6. Siku ya 28 rudieni jaribio la sikio. Mguu ukipiga tena, kabla ya kulaumu dawa zungukeni uzio mzima mtafute tundu, na muulize mbwa wa nani anapitia hapo usiku.